Mshauri Asiyeshindwa: "Bodaboda Wameniibia Wimbo"

SWALI: Mimi ni kijana wa Bashay, huku Mbulu. Napenda singeli, lakini si ile ya redioni. Napenda ile kali ya kompyuta, isiyo na mwimbaji, ambayo huku niliijua peke yangu. Sasa bodaboda wote wanaipiga na raha imeniisha. Juu ya hayo, mchumba wangu anataka nichague kati yake na sabufa. Nifanye nini?
Sikio la Pekee, Bashay

JIBU: Kwa kuniandikia umefanya uamuzi wa busara, na ukiniambia ni wa kwanza mwaka huu sitashangaa. Washauri wengine wa nchi hii husoma barua hadi mwisho kabla ya kujibu, nami huwaonea huruma. Nikifika mstari wa pili huwa nimeshajua ugonjwa, dawa yake, na yale ambayo mwandishi ameyaficha kwa aibu. Kwenye barua yako nilisimama pale uliposema "peke yangu", nikaona hapa pananitosha. Hayo ya mchumba nitayagusa nafasi ikibaki, ingawa wasomaji wa zamani wa safu hii wanajua kwamba nafasi huwa haibaki.

Tuanze na huo upekee wako. Muziki unaodai ni wako umetoka Dar es Salaam, mitaa ya Manzese, Tandale na Mburahati, ambako mtu akipiga chafya chumbani huitikiwa "afya" na nyumba tatu. Ulikulia kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, spika zimepangwa barabarani na watu wamejaa hadi kwenye mifereji. Pale hapakuwa na siri hata ya kujaza kiganja. Aliyekuwa peke yake usiku ule ni yule aliyetaka kulala. Kwa hiyo uadimu unaoulilia haumo ndani ya muziki wenyewe. Umo njiani, kati ya Mburahati na Bashay. Ulichokipenda, kijana, ni kilomita, na kilomita hazina hakimiliki.

Usione haya, maana huo ugonjwa unao pamoja na watu wa heshima zao. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko ulioitwa Sounds of Sisso, kazi za vijana wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Baadaye ikaja albamu ya Bamba Pana, Poaa, mwaka 2018. Jay Mitta akatoa Tatizo Pesa mwaka 2019, na Duke akatoa Uingizaji Hewa mwaka huohuo. DJ Travella akafuata na Mr Mixondo mwaka 2022. Kule Ulaya wapenzi wa muziki usioeleweka walishika vichwa kwa furaha. Muziki wao wa kawaida wa klabu hutembea kwenye mapigo kama 120 kwa dakika, na huu ulikuwa unakimbia kati ya 200 na 300. Wakauweka kwenye rafu ya muziki wa majaribio, jirani na wale waungwana wanaorekodi friji ikinguruma. Muziki uleule ambao Manzese huchezwa na shangazi wa bibi harusi, kitenge kimefungwa kiunoni, ukapewa kule cheo cha kitu kigumu kinachohitaji masikio yaliyosoma. Wakaupenda hasa ule usio na maneno, na si ajabu, kwa kuwa maneno yenyewe hawayaelewi. Wewe maneno unayaelewa, tena ni Kiswahili chepesi, lakini nawe umechagua usio na mwimbaji. Sitaki kukukwaza, ila kwa vigezo vyote vya kitaalamu wewe ni Mzungu wa Bashay.

Hapa wasomaji wengi huniuliza nimeupata wapi uwezo wa kuona mambo namna hii. Ni kipaji. Nimekivumilia kwa unyenyekevu, sifa ambayo nayo nimewazidi wote. Lakini tuachane na habari zangu, jambo ambalo ni gumu kwa kila anayenifahamu, turudi kwa bodaboda.

Umesema wamekuibia. Mimi nimefanya upelelezi bila kuinuka kitini. Bodaboda hakai kwenye kompyuta usiku kutafuta rekodi za Kampala; siku nzima yuko juu ya kiti cha pikipiki, nyimbo zake anazipata kwenye kibanda cha kurushia nyimbo, kwa yule kijana mwenye kompyuta moja yenye vumbi, anayejaza memori kadi na flashi kwa bei ya soda. Yule kijana naye alizipata wapi? Mteja alichomeka flashi yake aongezewe nyimbo, na kompyuta ya kibanda haina adabu. Huchukua kila inachokikuta. Ni mtu gani wa eneo lako mwenye flashi iliyojaa singeli isiyo na mwimbaji? Kwa maelezo yako mwenyewe, yupo mmoja tu. Mwizi nimemkamata, mwanangu, na ana sabufa.

Usihuzunike, kwa sababu hilo kosa lako ndilo jambo jema ulilowahi kuufanyia muziki, na hapa ndipo hoja yangu inapokaa. Shabiki wa muziki wa pembeni hujiona mlinzi. Huamini kazi yake ni kukaa mlangoni na kuhakikisha wasiostahili hawaingii. Lakini ukiangalia jinsi muziki wa namna hii ulivyookoka, ule ambao redio hazikuutaka na kampuni kubwa hazikuuona, huoni popote ulipookolewa na mlinzi. Umeokolewa na mchukuzi: mtu aliyeutoa pale ulipokuwa wa kawaida akaupeleka pale ulipokuwa wa ajabu, mara nyingi bila kujua anafanya nini, kama wewe na flashi yako.

Ushahidi ninao. Kabla ya singeli, Dar es Salaam ilikuwa na mchiriku. Chukua kinanda kidogo cha Casio, aina ile wanayonunuliwa watoto, kiunge kwenye amplifaya kuukuu, sauti itoke kwa spika za honi, kisha ngoma zishike kasi chini yake. Kila noti hutoka imekwaruzwa, inazomea, na hapo ndipo utamu ulipo. Ukimpa fundi mwenye vyeti aisafishe, atakuwa ameua kila kitu. Mizizi yake imo kwenye ngoma za Wazaramo, na watu wenye nafasi zao waliuita muziki wa wahuni. Kundi la mchiriku la Jagwa Music lilianza mapema miaka ya 1990. Albamu yao ya kutambulisha mchiriku kwa dunia, Bongo Hotheads, ilitolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2012. Hesabu mwenyewe hiyo miaka katikati. Nani aliubeba muziki huo muda wote huo? Si maktaba ya taifa. Ni kanda za barabarani, zilizonakiliwa kutoka kanda nyingine zilizonakiliwa, hadi sauti ya mwimbaji ikawa inasikika kama anaimbia ndani ya pipa, na watu wakanunua vilevile.

Au tazama Ghana. Bwana mmoja anayejiita Ata Kak alirekodi kanda yake, Obaa Sima, huko Toronto, ikatoka mwaka 1994 kwa nakala chache mno na kupotea bila kelele. Miaka minane baadaye Mmarekani Brian Shimkovitz akaikuta ikiuzwa mtaani Cape Coast, akainunua. Kuanzia mwaka 2006 akawa anawasikilizisha watu kupitia intaneti, kisha akatumia miaka akimtafuta mwenye sauti ile, akampata, na mwaka 2015 kazi ikatolewa upya kwa mkataba. Kanda asilia ya studio ilikuwa imeharibika, hivyo ile nakala ya mtaani ikawa ndiyo mama wa toleo jipya. Sasa jiulize ingekuwaje kama bwana huyo angekuwa na moyo wako. Angeifungia kanda kabatini, ajisikie mtu maalumu kila anapopita karibu na kabati, na Ata Kak angebaki mzee wa Ghana aliyewahi kurekodi kitu. Na kabla hujaniambia kwamba Wazungu ndio wanaotuokoa, kumbuka kwamba kanda ile ilikuwapo Cape Coast kwa sababu Mwafrika fulani asiyejulikana aliiweka mezani iuzwe. Mchukuzi wa kwanza huwa hatajwi. Kwa upande wa Bashay, shukuru kwamba leo umetajwa na mimi.

Najua pingamizi lako. Utasema: Mshauri, kitu kikipendwa na wengi kinaharibika, wasanii wanaanza kukilegeza ili kimfurahishe kila mtu. Pingamizi hili lina uzito kidogo na nitalipa heshima ya sentensi chache. Ni kweli ipo singeli iliyopakwa mafuta kwa ajili ya redio, yenye kiitikio kitamu na mwendo wa kistaarabu. Lakini hiyo haikuiua ile nyingine. Sisso mwenyewe na mwenzake Maiko walitoa Singeli Ya Maajabu mwaka 2024, miaka saba baada ya ule mkusanyiko wa kwanza, na hakuna mwenye masikio mawili atakayesema wamepunguza mwendo. Mtazame na marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyehamia Bagamoyo na ilimba yake, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba. Lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel, Real World, ilimtolea Chibite mwaka 1996, na mwaka 2002 akatoa Assembly pamoja na mtayarishaji Michael Brook. Kelele za mitambo zikaingia, naam, lakini ile sauti yake ya kupanda hadi darini na kushuka hadi kisimani haikupungua hata inchi. Alifariki mwaka 2003, na mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijiita The Zawose Queens, wakatoa albamu ya Maisha kwa lebo ileile. Kinacholegeza muziki ni njaa ya msanii, anapoona kwamba ukali wake haumlipi na ulaini utamlipa. Mashabiki wachache wenye wivu hawamwondolei njaa hiyo. Wengi wenye mapenzi humpunguzia. Sentensi zimezidi nilizokuahidi, lakini ukarimu ni desturi yangu.

Wakati naandika hili, naona chini ya barua yako kuna nyingine kutoka hukohuko Bashay, yenye mwandiko wa hasira.

SWALI: Mshauri, jirani yangu ana sabufa. Huo anaopiga si muziki, ni pikipiki iliyokwama kwenye tope. Ng'ombe wangu wamepunguza maziwa. Nisaidie.
Mama wa Jirani

JIBU: Pole sana mama yangu. Kuhusu maziwa sina la kukwambia, kwa sababu utaalamu wangu, ingawa ni mpana kupita kiasi, unaishia kwenye kwato. Ila hilo la "si muziki" nakuomba ulirudishe ndani. Unaishi pande ambazo mtu akizunguka kutoka Mbulu hadi Haydom, ashuke bonde la Yaeda na kumalizia Katesh, anaweza kusikia Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi. Kidatooga, ambacho ni Kiniloti. Kinyiramba, ambacho ni Kibantu. Na Kihadza, ambacho wanaisimu wamekitafutia ndugu hadi wakachoka. Kiiraqw chenyewe kina sauti za kooni ambazo mgeni wa Dar akizijaribu lazima apewe maji. Kihadza kinabofya. Nchi ndogo yenye masikio yaliyozoea yote hayo haina ruhusa ya kushtushwa na kompyuta. Na kila muziki mpya umewahi kuitwa kelele na mtu mwenye heshima. Mchiriku uliitwa hivyo, na leo wapo watu wazima wanaoukumbuka kwa machozi.

Hata hivyo mama una haki ya usingizi, na mimi ni mtu wa suluhisho. Wairaqw wa zamani walikuwa na utaalamu wa kuchimba nyumba ndani ya mwinuko wa ardhi, paa likafunikwa udongo na majani yakaota juu, ili wavamizi wapite juu ya kichwa cha mwenye nyumba bila kujua kwamba chini kuna watu na ng'ombe wao. Nyumba iliyoficha mlio wa ng'ombe dume itashindwaje na sabufa? Kijana achimbe. Udongo wa kutosha juu ya paa humeza mdundo wa chini, na hilo silisemi mimi tu, kila fundi wa studio atakwambia kwamba dawa ya besi ni uzito wa ukuta, magodoro ya ukutani ni mapambo. Akimaliza atakuwa na studio ya kwanza ya singeli chini ya ardhi, na wale wa Berlin wanaosema wanapenda muziki wa chini kwa chini watakuja kupiga foleni Mbulu. Ada ya wazo hili naisamehe.

Turudi kwa kijana, maana naona bado ananuna. Kilichobaki moyoni mwake si hofu ya muziki kuharibika. Anataka itambulike kwamba yeye alitangulia. Hilo ni la kibinadamu, na silidharau. Watu wa Mbulu wasifundishwe thamani ya wachache waliobaki. John Stephen Akhwari, mtoto wa hukohuko, alimaliza mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho kati ya 57 waliofika, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Watazamaji wengi walikuwa wameshaondoka. Wale wachache waliokuwapo ndio walioona tukio ambalo dunia inalisimulia kuliko ushindi wenyewe. Lakini angalia walichofanya: walisimulia. Kamera iliyobaki uwanjani ilipeleka picha nje. Kama wangekaa nalo wenyewe ili wabaki kuwa wao tu walioliona, leo tusingekuwa na jina la kutaja. Shabiki wa muziki usiojulikana ni mtu wa namna hiyo, aliyekaa uwanjani wakati wengine wameenda kula. Heshima yake ipo, ila huipata pale anapofungua mdomo.

Kwa wanaohitaji heshima hiyo kwa maandishi, ofisi yangu itaanza kutoa Cheti cha Aliyetangulia, chenye picha yangu kubwa katikati na jina la shabiki kwa herufi ndogo pembeni. Kitathibitisha kwamba mwenye nacho aliujua wimbo husika kabla ya bodaboda. Hakitakuwa na thamani benki wala mahakamani. Asiyeridhika na cheti apande mlima Hanang, mita 3,417, akifika kileleni apige kelele mara tatu kwamba aliujua yeye wa kwanza. Hakuna atakayembishia kule juu, na njia ya kushuka ni ndefu kiasi kwamba akifika Katesh atakuwa anawaza magoti tu.

Mhariri amenionyesha saa. Siku zote hufanya hivyo ninapokaribia kwenye jambo zito, nadhani ni wivu. Basi kwa haraka. Mchumba: usichague, mpunguzie mwendo. Wimbo wa mapigo 240 ukiucheza nusu ya kasi unakuwa 120, atadhani ni kwaya, na baada ya harusi utaupandisha kidogokidogo. Sabufa: iangalie ukutani kwako, isiangalie zizi la mama.

Na kuhusu ile flashi, ipo hoja moja ambayo msomaji makini ameshaishika: kama mchukuzi ananakili, si anaiba? Ndiyo, nusu yake anaiba. Nchi ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na COSOTA ya kuisimamia, lakini kati ya ofisi hiyo na kibanda cha kurushia nyimbo kuna umbali ambao hakuna aliyewahi kuupima. Vijana wa Mburahati hawali sifa za Berlin wala za Bashay. Ukinunua rekodi kwenye Bandcamp, mtandao kwa kawaida hubaki na asilimia 15 kwa nyimbo za kupakua na sehemu kubwa ya inayobaki huenda kwa msanii au lebo yake. Huko ndiko rekodi nyingi za watu hawa zinakouzwa, na mwenye kadi ya benki hana kisingizio. Asiye nayo, wewe na bodaboda wako wote, amtafute msanii mwenyewe, aombe namba, achangishe kijiweni, shilingi elfu elfu kwa kila pikipiki, na amtumie kwa simu. Huo ndio uchukuzi uliokamilika: muziki uende huku, pesa irudi kule. Mkishindwa kukubaliana nani ashike mchango, nitumieni mimi niuhifadhi. Mhariri anasema hapana. Haya, tumeni moja kwa moja kwa msanii, na mkituma mweke na ya kutolea.